Vikombe vya Bungoma: Safari Yangu ya Kwanza Kwenye Tamasha la Drama

Mchezo wa kuigiza wa shule nchini Kenya huishi maisha mafupi. Hutungwa likizo ya Desemba, hufanyiwa mazoezi Januari, na muhula wa kwanza haujafika mbali tayari uko jukwaani katika kaunti ndogo. Ukishindwa hapo, basi. Ukishinda utaigizwa tena ngazi ya kaunti, kisha ya kanda, na ukijaliwa utafika tamasha la taifa mwezi wa Aprili. Mimi ni mtu wa Mombasa. Nimeandika mengi kuhusu taarab na wapiga ngoma wa pwani, lakini matamasha haya nilikuwa nikiyafuata magazetini tu, mpaka mwezi wa Machi rafiki yangu, mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili ya Kaunti ya Bungoma, aliponipigia simu. Shule yake ilikuwa imefuzu kwa ngazi ya kanda ya Magharibi.

"Njoo uone watoto wanavyotuzwa," aliniambia. "Ila upitie Kitale kwanza, nyumbani. Kuna maleba ya kuchukua kwa fundi."

Safari ya basi sitaisimulia. Nilishuka Kitale asubuhi, baridi inauma masikio, watu wamevaa makoti mazito na kofia za sufu kana kwamba jua halijawahi kufika huku. Mji umekaa baina ya Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321, na Milima ya Cherang'any, na ardhi yote ya katikati ni mahindi. Walowezi wa Kizungu walijimegea mashamba makubwa hapa, reli ikawafuata mwaka 1926, na baada ya uhuru mashamba yakagawiwa au kununuliwa na wananchi waliotoka pande nyingi za nchi. Ndiyo maana kwenye safu moja ya wauza maharagwe utasikia Kibukusu, Kisabaoti, Kipokoti, Kiturkana na Kikikuyu, na wote wakigeukia mteja wanasema Kiswahili.

Rafiki yangu alinipokea stendi akanipeleka kwao, upande wa Kiminini. Mama yake alikuwa amekwisha kuchinja kuku, maana katika nyumba ya Kiluhya mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. "Karibu, mwanangu wa Pwani," aliniambia, akaniwekea ugali wa wimbi mbele yangu na kusimama pale pale mpaka alipoona nimeanza kula. Yeye mwenyewe hajawahi kwenda tamasha, lakini alijua jina la kila mtoto katika kikundi cha mwanawe na nafasi anayoigiza. Likizo ya Desemba walikuwa wakija hapo kwake kukaririshana maneno chini ya mparachichi.

Fundi alikuwa na kibanda nyuma ya soko la Kitale, cherehani moja, na msichana mmoja wa kumsaidia. Nilikaa naye asubuhi nzima ya siku iliyofuata, na nasema kweli, nilijifunza mengi zaidi kuhusu jukwaa katika kibanda kile kuliko katika semina nyingi nilizohudhuria. Shule ilikuwa inaingia na vitu viwili: mchezo wa Kiswahili na ngoma ya kitamaduni ya kubuni. Kwa ngoma, fundi alikuwa ameshona sketi za katani. Alizichambua nyuzi kwa kitana cha nywele, akazichovya kwenye maji ya chai ya rangi ili zisimeremete chini ya taa, akaziacha zikauke juani. Njuga za miguuni zilikuwa vizibo vya soda vilivyopondwa bapa kwa nyundo na kutobolewa kwa msumari, kila kimoja kikifungwa kwa waya mbali kidogo na mwenzake, kwa sababu vikigusana mno havilii, vinakwaruza tu. Alinipa jozi moja niitikise. Kisha akanipa nyingine aliyoifunga vibaya makusudi, nisikie tofauti. Koti la afisa wa serikali katika mchezo lilikuwa la mitumba, kubwa kupita kiasi, naye alikuwa amelipunguza mgongoni tu na kuyaacha mabega yalivyo. "Mtu mdogo ndani ya cheo kikubwa," alisema bila kuinua macho kwenye sindano. Hakuna mtu aliyemfundisha kuwaza hivyo. Alisoma mswada, akaelewa.

Ghala la mahindi lililohitajika jukwaani aliliiga kutoka kwenye makumbusho. Makumbusho ya Kitale yalianza mwaka 1926 kama mkusanyo wa mlowezi mmoja, Kanali Stoneham, wa wadudu, ndege na vifaa vya wenyeji, yakahamishiwa mjini mwaka 1974, na ndani ya uwanja wake mna nyumba za kienyeji zilizojengwa ili watoto wazione. Fundi na mwalimu walikwenda na futi ya kamba, wakapima, wakarudi kulisuka kwa fito na kulifanya likunjike ili liingie kwenye gari.

Hapo kibandani ndipo nilipofahamu jambo ambalo lilinishangaza. Kitale na Bungoma ni majirani, watu wao ni ndugu, wanaoana na kuzikana, lakini kwenye ramani ya drama Kaunti ya Trans Nzoia, ambamo Kitale imo, iko Bonde la Ufa na Bungoma iko Magharibi pamoja na Kakamega, Vihiga na Busia. Watoto wa mama mmoja, huyu akisoma Kiminini na yule Webuye, hawawezi kupambana jukwaani mpaka wote wawili wafike taifa. Fundi yeye anashonea pande zote mbili. Huenda ikatokea siku moja maleba yake yakashindana na maleba yake.

Tulipanda matatu na magunia matatu ya nguo na ghala lililokunjwa. Makanga alilitazama ghala, akalizunguka, akasema, "Mwalimu, hii nayo ina nauli yake." Alipoambiwa ni la drama alilipandisha juu ya gari mwenyewe na hakudai chochote. Yeye pia, alisema, alikuwa kwenye ngoma ya shule enzi zake, na walifika mpaka kanda.

Barabara inateremka polepole kutoka Kiminini hadi Kamukuywa, njia panda ya kwenda Kimilili. Karibu na Kimilili iko Friends School Kamusinga, na mpenzi yeyote wa drama au wa mpira wa magongo nchini anaijua shule hiyo. Rafiki yangu alinionyesha upande ilipo kwa heshima, ingawa ni wapinzani wao wa jadi. Tukapita Misikhu, tukapita Lugulu, hewa ikizidi kupata joto, mahindi yakianza kuchanganyika na miwa. Webuye tuliona Kilima cha Chetambe, ambapo mwaka 1895 Wabukusu walijifungia katika ngome yao kupambana na jeshi la Waingereza, na chini yake majengo ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichosimamisha kazi mwaka 2009. Kisha barabara kuu ya kwenda Malaba, malori yasiyo na idadi, na jioni tukaingia Bungoma.

Shule iliyoandaa tamasha sikuhitaji kuiulizia. Mabasi ya shule yalikuwa yamepangwa uwanjani, ya manjano yote, na kila penye kivuli palikuwa na kundi linafanya mazoezi ya mwisho. Mzee mwenye ndevu za pamba alikuwa kwenye foleni ya githeri na sahani yake mkononi. Malkia alikuwa anafua soksi. Nyuma ya maabara watoto wa shule ya msingi walikuwa wanakariri shairi la Kifaransa kwa sauti moja, na kila walipokosea mwalimu wao aliwarudisha mwanzo kwa upole, bila kuchoka.

Ukumbi ulikuwa bwalo la chakula. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ya bwenini ili taa zionekane. Jukwaa lilikuwa la mbao, limeinuliwa, na pazia lake likivutwa na wavulana wawili wenye sare ambao kwa muda wote wa tamasha hawakulichelewesha hata mara moja. Katikati ya watazamaji palikuwa na meza ya waamuzi, taa ndogo ikiwamulikia karatasi. Ukumbi mzima ulikuwa unaangalia mahali pawili kwa pamoja, jukwaani na mezani. Mwamuzi akiinama kuandika, mwelekezi aliyesimama pembeni anauma mdomo.

Ngoma ziliingia kesho yake mchana. Watu wa Pwani tunajua kucheza kiuno. Hapa nilikuta watu wanaocheza mabega. Kamabeka ya Wabukusu inaanzia shingoni, inashuka kwenye mabega, na chini ya hapo mwili umetulia kabisa, huku litungu, ala yao ya nyuzi, likipigwa na mvulana aliyeketi kwenye kigoda na kulikumbatia kifuani. Watoto wa rafiki yangu walitoka kwa mstari mmoja, katani zikiyumba, na vile vizibo vya soda vikalia pamoja, wazi, kwa mpigo mmoja. Nilijikuta namtafuta fundi ukumbini nimpongeze, kumbe yuko Kitale kwenye cherehani yake.

Mchezo wao ulikuwa na habari ya mbolea. Msomaji atakumbuka mwaka 2024, wakulima wa Kenya walipogundua kwamba baadhi ya magunia ya mbolea ya ruzuku waliyouziwa hayakuwa na mbolea ya maana ndani yake. Mwandishi wa mchezo, yaani rafiki yangu, hakuandika juu ya mawaziri wala bungeni. Aliandika juu ya mjane mmoja aliyeuza mbuzi wake wa mwisho kununua gunia moja. Mjane huyo aliigizwa na msichana wa kidato cha tatu, mwembamba, ambaye nilikuwa nimemwona asubuhi akichekacheka na wenzake nje. Jukwaani alilifungua gunia kwa meno. Akaingiza mkono, akatoa konzi, akaiangalia. Hakusema kitu. Akaileta puani. Kisha akaiweka kidogo kwenye ulimi, kama mama anavyoonja chumvi ya mboga, akatema, akaanza kuimwaga polepole sakafuni, na mchanga ule ukasikika ukianguka juu ya mbao. Ukumbi ule ulikuwa wa watoto wa wakulima watupu. Nyuma yangu mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima, alisema kwa sauti ya chini, "Ndivyo, ndivyo ilivyokuwa." Hakukuwa na haja ya kumweleza mtu yeyote pale mchezo ulihusu nini.

Hiki ndicho kitu ambacho magazeti hayakuwa yamenionyesha. Nilidhani nakwenda kutazama mashindano ya shule, kumbe nimeingia katika ukumbi mkubwa wa tamthilia wa nchi hii. Jengo la Kenya National Theatre liko Nairobi tangu mwaka 1952, nalo lina historia yake kubwa. Lakini matamasha ya shule, yaliyoanza mwaka 1959 enzi za ukoloni, ndiyo yaliyoipeleka tamthilia kila kaunti ndogo, na Wakenya wengi mchezo wa kwanza waliouona maishani ni wa shule. Kanda hii ya Magharibi imetoa waandishi wakubwa. Francis Imbuga, aliyezaliwa mwaka 1947 katika Vihiga ya leo, ndiye aliyeandika Betrayal in the City, iliyochapishwa mwaka 1976, na mwaka uliofuata tamthilia hiyo ikaenda Lagos, pamoja na The Trial of Dedan Kimathi, kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC. Vizazi vya wanafunzi vimeisoma darasani. Imbuga alifariki mwaka 2012. Maneno yake bado yanaigizwa, kwa kuwa yamo kitabuni.

Kanda hii hii ndiyo ya shule ya Butere Girls. Mwaka 2013 mchezo wao Shackles of Doom, uliotungwa na Cleophas Malala, ulipigwa marufuku kisha ukaruhusiwa na Mahakama Kuu. Mwaka 2025 historia ikajirudia kwa uchungu zaidi: Echoes of War, mchezo mwingine wa Malala, uliondolewa mashindanoni, mahakama ikaamuru urudishwe, na tarehe 10 Aprili kule Nakuru wasichana wakapanda jukwaani bila mwelekezi wao, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka bila kuigiza. Vitoa machozi vilirushwa siku hiyo. Nchi nzima ilibishana juu ya mchezo ule kwa wiki nyingi. Sidhani kama katika kila watu mia waliobishana alikuwapo mmoja aliyekuwa ameusoma. Nilimwuliza rafiki yangu kama hali ile ilimwogopesha alipokaa kuandika habari za mbolea. Alinijibu kwamba aliandika kwanza, hofu ikaja baadaye, na wazazi wa wanafunzi ndio waliomwambia asifute kitu.

Siku ya matokeo vikombe viliwekwa juu ya meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cheupe, vingine vipya, vingine vimezeeka na majina ya shule yamejaa ubavuni, maana mshindi hukaa nacho mwaka mmoja kisha hukirudisha. Mwamuzi mkuu hakuanza kusoma majina. Alizungumza kwanza juu ya kazi: sauti zilizomezwa na feni, waelekezi wanaowajaza waigizaji jukwaani bila sababu, na mashairi ya kikundi ambayo yamekuwa kelele. Alisifu pia, kwa kutaja tendo lenyewe. Aliutaja ule mchanga ukianguka. Nilimwona msichana wa kidato cha tatu akiinamisha kichwa na wenzake wakimfinya mabega.

Kisha matokeo, kuanzia chini kwenda juu. Nambari nne, nambari tatu. Kila shule iliyotajwa mapema iliinuka kupokea cheti kwa makofi ya heshima, na uso wa kila mtoto ulionyesha kwamba wanajua maana yake: mabasi yanarudi nyumbani na mchezo umekwisha. Ngoma ya shule ya rafiki yangu ilitajwa ya pili, ikafuzu kwenda taifa, na pale ukumbi uliwaka. Watoto walipanda juu ya viti, vizibo vikalia tena. Mchezo wa mbolea ulitajwa wa tatu. Haukufuzu. Lakini tuzo za mtu mmoja mmoja ziliposomwa, mwigizaji bora wa kike katika kanda nzima alikuwa yule mjane mwembamba. Alikwenda mbele akilia, akapokea cheti kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, akarudi kwa mwalimu wake na kumkabidhi. "Hiki ni chetu, Mwalimu," alimwambia. Mwalimu alimrudishia. "Ni chako, mwanangu. Mpelekee mama."

Nafikiri waamuzi walihukumu kwa haki. Mchezo ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa umepangika vizuri zaidi, na mwisho wa mchezo wa mbolea ulikuwa umechelewa, mwenyewe mtunzi anakubali. Ninalolilalamikia ni kinachofuata baada ya hukumu. New York hutoa tuzo za Tony tangu mwaka 1947, London hutoa za Olivier tangu mwaka 1976, na huko mchezo ukishinda au ukishindwa unaweza kuendelea kuonyeshwa usiku baada ya usiku, na maneno yake yakauzwa madukani. Bungoma, mchezo ulioshika nafasi ya tatu kati ya shule za kaunti nne ulikufa jioni ile ile. Hata ule utakaoshinda taifa, ambao kwa desturi huweza kuigizwa mbele ya Rais, mwaka ukigeuka hauigizwi tena, kwani kila msimu unadai kazi mpya.

Usiku ule niliomba niuone mswada wa mbolea. Ulikuwa karatasi zilizopigwa chapa na kukatwakatwa kwa kalamu nyekundu, jina la mwigizaji aliyehama shule limefutwa na la mwingine kuandikwa juu yake, na ukurasa wa mjane na gunia umelowa chai pembeni. Nakala ilikuwa moja tu, ndani ya bahasha, chini ya kitanda cha mwalimu. Chini ya kitanda hicho palikuwa na bahasha nyingine za miaka ya nyuma.

Miswada michache sana ya matamasha haya imewahi kuwa vitabu, ilhali tunalalamika kila mwaka kwamba tamthilia za Kiswahili za kusoma shuleni ni chache. Wizara ya Elimu inayo orodha ya washindi wa kila kanda. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala inayo mitambo ya kuhariri. Wachapishaji wetu wanajua njia ya kila shule. Naomba kila mwaka zikusanywe tamthilia tatu bora za kila kanda, zihaririwe, zichapishwe kwa bei ambayo shule ya kutwa inaweza kuilipa, na mtunzi alipwe haki yake. Na wewe mwalimu, wa Bungoma, wa Kitale au wa popote pale, mwenye bahasha chini ya kitanda: usingoje wizara. Toa nakala ya pili ya mswada wako, uihifadhi nyumba nyingine na si hiyo yako.